Kikundi cha Ukoo: Nani Anapanda Lengai?

*Baraka:* Shikamooni wakubwa, wengine mambo. Gari limepatikana. Mwezi wa saba tunakwenda Ol Doinyo Lengai. Anayepanda aandike jina leo, siyo siku ya kuondoka.

*Joshua:* Mimi

*Mama Neema:* Marahaba mwanangu. Huo si ndio ule mlima unaotema moto kule mkoani Arusha?

*Baraka:* Unatema kidogo kidogo, mama.

*Shangazi Rehema:* Hiyo kidogo kidogo imenitosha. Nabaki chini nawalindia mabegi.

*Mjomba Elia:* Msitishe watu. Lengai nimeupanda ujanani, kabla ya mlipuko wa 2007. Kreta, lile bakuli la kileleni, ilikuwa imejaa lava iliyopoa hadi mdomoni, tukaingia tukatembea juu yake kama uwanja wa mpira. Wengine walikuwa wanapiga hema mle mle ndani.

*Neema:* Shikamoo mjomba. Uwanja wenu haupo. Yalianza matetemeko ya Julai 2007, yale yaliyosikika hadi Nairobi, Septemba mlima ukalipuka na ukaendelea hadi 2008. Kilichobaki ni shimo lenye kuta wima. Mwaka jana mwongozaji alituambia tukae mbali na ukingo, maana kuna mahali unasimama juu ya majivu na chini yake pamelika. Hakuna uzio, hakuna kamba.

*Mjomba Elia:* Marahaba. Sasa mtu anapanda usiku kucha kwenda kuangalia shimo?

*Neema:* Anakwenda kuangalia lava, mjomba. Unaisikia ikivuma huko chini kabla hujaiona. Halafu ni nyeusi, siyo ile nyekundu ya kwenye televisheni, kwa sababu joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 tu, wakati lava ya volkano nyingine hupita 1,000. Ikipata unyevu inageuka nyeupe. Weupe unaouona kwenye picha za zamani za kileleni siyo theluji, ni hiyo lava.

*Joshua:* Nyuzi 500 "tu" 😂

*Neema:* Na ni jamii ya magadi. Hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa lava ya namna hiyo.

*Mama Neema:* Magadi haya haya ya kulainishia maharage??

*Neema:* Ndugu zake, mama. Mvua na chemchemi zinayateremsha hadi Ziwa Natron, ndiyo maana maji ya lile ziwa yanawasha ngozi.

*Shangazi Rehema:* Wifi, beba sufuria 😂😂

*Baraka:* Turudi kwenye mada. Lengai ni mita 2,962. Kilimanjaro ni 5,895. Nusu tu, jamani. Asubuhi tumeshuka, tunakunywa chai.

*Neema:* Baraka acha hesabu za kwenye ramani. Kilimanjaro watu wanapanda kwa siku kadhaa na kazi kubwa ni hewa. Lengai hewa ipo, ila njia haijui kona. Ni kupanda, kupanda, kupanda. Mnaondoka karibu saa sita usiku kwa sababu hakuna mti hata mmoja wa kukupa kivuli, jua likiwakuta katikati ya mlima mtajuta. Mwanzoni ni nyasi na majivu laini, unapiga hatua moja unarudi nusu. Baadaye yanakuwa majivu yaliyoganda, magumu, yamechongwa mifereji na mvua, na kule juu unatumia mikono. Ndiyo maana nasema mje na glavu. Jiwe likimponyoka wa mbele linamfuata wa nyuma, kwa hiyo hatusogeleani sana na kofia ngumu si mapambo.

*Joshua:* Saa ngapi hadi juu?

*Neema:* Tano au sita kwa mtu mwenye mazoezi. Kileleni mnafika kunapambazuka, na hapo sitaki kusema sana, mtajionea wenyewe. Bonde la Ufa lote liko chini yako, ziwa limelala kaskazini. Halafu unageuka unaangalia ulikotokea.

*Baraka:* Halafu?

*Neema:* Halafu ndipo mlima unapoanza. Usiku ulikuwa unaona miguu yako tu kwenye mwanga wa tochi, sasa unaona kila kitu. Magoti yanatetemeka, kokoto zinateleza, jua limeshatoka. Nimemwona mtu mzima, mwanariadha, anashuka kwa makalio.

*Mjomba Elia:* Hapo nakubaliana na Neema mia kwa mia. Kupanda nimeshasahau, kushuka bado nakukumbuka. Kucha za vidole gumba zilitoka zote.

*Mama Neema:* Elia!

*Mjomba Elia:* Ziliota tena dada.

*Joshua:* Baraka nilijiandikisha mapema mno nadhani

*Neema:* Joshua utaweza. Anza leo kupanda ngazi, na kushuka ufanye polepole, mapaja yazoee. Viatu viwe vya kufunika kifundo cha mguu na viwe vimeshavaliwa, siyo vya dukani jana. Suruali ndefu. Tochi ya kichwani yenye betri mpya. Maji lita tatu kila mtu, njiani hakuna hata tone. Na mwongozaji tunachukua pale Engare Sero, kijiji cha chini ya mlima, vijana wa Kimaasai wanaoujua. Kwao ni Mlima wa Mungu, wanakwenda huko kuomba, kwa hiyo makelele na takataka zibaki nyumbani.

*Shangazi Rehema:* Na sisi wa mabegi tunafanya nini? Nasikia huko joto ni la kuoka mkate.

*Baraka:* Shangazi kuna maporomoko ya Engare Sero, mnatembea ndani ya korongo, maji ni baridi. Na ziwani kuna heroe, yaani flamingo. Wale heroe wadogo wa Afrika Mashariki karibu wote wanaanguliwa Natron.

*Neema:* Usisahau nyayo. Kuna nyayo za watu wa kale zaidi ya 400 kwenye majivu yaliyogeuka jiwe, karibu na ziwa. Zina miaka isiyopungua 5,000. Watafiti walichunguza kundi moja la watu 17 waliokuwa wakitembea pamoja, wakaona 14 huenda walikuwa wanawake.

*Shangazi Rehema:* Na wanaume?

*Neema:* Wawili, na kijana mmoja.

*Shangazi Rehema:* Wengine walikuwa wamekaa wanasubiri chakula. Nakwenda kuona hizo nyayo. Niandike.

*Baraka:* Kwa hiyo juu: Neema, Joshua, mimi. Chini: mama, shangazi, watoto. Njia ni Mto wa Mbu halafu Engaruka, vumbi tupu, leteni mitandio. Mjomba tukuweke chini?

*Mjomba Elia:* Nani kasema chini?

*Mama Neema:* Elia una miaka sitini.

*Mjomba Elia:* Nataka kuliona hilo shimo. Neema, zile glavu zangu za shambani zinafaa?

*Neema:* Zinafaa kabisa mjomba. Ila tunapima mwendo kwanza. Jumamosi twende wote kwenye kile kilima cha mnara, ukishuka bila kulalamika unaandikwa.

*Mjomba Elia:* Saa ngapi?

*Neema:* Kumi na mbili alfajiri.

*Mjomba Elia:* Joshua, unipitie.

*Joshua:* Sawa mjomba. Beba na maji, mie sibebi ya mtu