Mrejesho: zile chipu za STM32F103 nilizozikosa

Wakuu, naleta mrejesho kama nilivyoahidi. Kwa ambao hawakuwepo, niliuliza nitapata wapi chipu 60 za STM32F103 (kompyuta ndogo ndani ya chipu moja, ndiyo ubongo wa bodi) za bodi za kudhibiti pampu za maji, maana uhaba wa 2021 ulifanya wasambazaji rasmi waniambie nisubiri wiki 52.

Nilijaribu kumi kwanza kwa muuzaji wa kati. Nne zilikataa kabisa kupokea programu. Nikaisugua moja kwa pamba yenye asetoni: maandishi yakafutika, rangi nyeusi ikabaki kwenye pamba, chini yake mikwaruzo mitupu. Uso ulikuwa umeparuzwa ukapakwa upya, yaani nimeuziwa bandia. Iliniuma sana, na pesa haikurudi.

Ndugu uliyenishauri nibadili muundo badala ya kuendelea kuwinda chipu, asante mno. Nimehamia RP2040, chipu ya kazi hiyohiyo kutoka Raspberry Pi, iliyotoka Januari mwaka huohuo na ilikuwa inapatikana. Kazi haikuwa ndogo. Haina flashi ya ndani (kumbukumbu inayohifadhi programu), lazima uiwekee chipu ya kumbukumbu pembeni. Pini zake hazivumilii volti 5 kama baadhi ya pini za ile ya zamani, kwa hiyo nimeongeza rezista mbili za kushusha volti kwenye kila waya wa sensa (msisahau hili, mtaiunguza). Pia haina miguu; pedi zimejificha chini ya tumbo, nikalehemu kwa hewa moto.

Bodi zote 60 zinafanya kazi, wiki ya tatu sasa. Zile chipu sita zilizokubali programu ziko kwenye droo. Siziamini kumfungia mteja.