Naombeni ushauri: kusajiliwa chuo kimoja Marekani, kusomea fani chuo cha jirani

MwanaKisauni: Salaam aleikum wadau. Nimepata nafasi Bryn Mawr College, Marekani, karibu na Philadelphia, na msaada wa karo mkubwa tu. Fani ninayoitaka pale haipo, lakini wana ushirika na vyuo jirani: Haverford, Swarthmore na University of Pennsylvania (Penn). Mwanafunzi wa kimoja anaingia darasani kwa wenzake. Kuna aliyepitia mpango huu? Ukisomea fani kwa jirani, inatambuliwa? Digrii inatoka kwa nani? Naombeni majibu haraka, usingizi sipati.

Bi Rukia wa Bamburi: Hongera mwanangu. Lakini huko mbali, na baridi. Binti wa jirani yangu alikwenda Malaysia, karudi hata salamu hatoi. Mbona usisome hapa Technical University of Mombasa, jioni ukala kwenu?

Kijana wa Kibokoni: Binamu yangu yuko Claremont, California. Huko vyuo vimepakana ukuta kwa ukuta: Pomona, Scripps, Claremont McKenna, Harvey Mudd, Pitzer. Anasoma kimoja, anakula chochote. Kila nikimuuliza masomo ananitumia picha ya sahani.

Mpwani Ughaibuni: Nimekaa Ardmore miaka, mtaa ulio jirani na vyuo hivyo, kwa hiyo haya nayajua. Bryn Mawr na Haverford vimeachana kama maili moja. Kuna basi la bure, Blue Bus, linakwenda na kurudi kutwa. Kati ya hivyo viwili si somo moja moja tu, unaruhusiwa kuchukua fani nzima upande wa pili. Digrii inatolewa na chuo kilichokusajili: hata ukishinda Haverford kila siku, utaondoka na karatasi ya Bryn Mawr. Na atakayekuandikia I-20, ile hati ya chuo ya kuombea viza, ni Bryn Mawr, si jirani.
Swarthmore ni mambo mengine. Iko mbali zaidi, unategemea gari la vyuo, likikuacha na kipindi kimekuacha. Penn ni treni hadi mjini, na kalenda yao si moja na yenu. Kwa hao wawili kwa kawaida unachukua masomo, fani huchukui. Sasa taja fani tuache kubahatisha.

MwanaKisauni: Shukran sana kaka. Ni mambo ya sayansi. Sayansi na hesabu.

Kijana wa Kibokoni: Hata kupima unga dukani ni sayansi na hesabu.

Mluhya wa Changamwe: Wadau, mnajua hao ni Friends, dhehebu la Kikristo liitwalo pia Quaker? Haverford 1833, Swarthmore 1864, Bryn Mawr 1885, vyote mizizi yake ni Quaker. Ndio hao hao waliofika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, 1902, na leo wamejaa Kenya kuliko nchi yoyote. Mamangu ni Friends mpaka kesho. Tofauti ni kwamba kwetu ibada ni nyimbo na mahubiri, kule Philadelphia wengi wanakaa kimya saa nzima, anayesukumwa na roho ndiye anasimama kusema. Mamangu hawezi hata dakika kumi. Dadangu, nenda, uko mikono salama.

Mhasibu wa Makupa: Tumefika Kaimosi na swali bado liko Kisauni. Binti, msaada "mkubwa tu" ndio kiasi gani? Pengo analipa nani? Na mbona fani unaificha kama mahari?

MwanaKisauni: Haya. Pengo analipa babangu kwa mkopo wa sacco, wadhamini ni ami zangu wawili. Pia palifanywa harambee mtaani. Wote wanajua nakwenda kusomea uhandisi. Na sikudanganya, uhandisi upo Swarthmore, na Swarthmore imo kwenye ushirika. Lakini mimi ninachotaka ni astronomia, na hiyo iko Haverford. Nafasi ya uhandisi wa ujenzi niliyopewa na KUCCPS, wanaogawa nafasi za vyuo hapa Kenya, nimeshaiacha. Barua ya kukubali nimetuma, amana nimelipa. Kwa hiyo msiniambie nisiende. Nauliza tu, nikishafika, nani atajua?

Bi Rukia wa Bamburi: Ala! Kumbe pesa za watu! Mwanangu, watu wametoa elfu elfu zao pale wakakuombea dua uwe mhandisi. Zile dua unazipeleka wapi?

Kijana wa Kibokoni: Nyotani.

Nahodha Mstaafu: Mnacheka nyota, nyinyi mmezaliwa na simu. Sisi majahazi tumeyaendesha usiku kwa nyota. Na kama hamjui, mimi ni mtu wa Malindi, majukwaa ya Waitaliano ya kurushia roketi pale Ngomeni nikiyaona nikiwa mtoto. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa pale setilaiti ya Wamarekani, ikaitwa Uhuru kwa sababu siku ile ilikuwa sherehe yetu ya uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani. Imeruka hapa hapa pwani yetu, na leo mtoto wa pwani akitaka kusoma hayo mnamwambia akajenge daraja. Samaki siku zile walikuwa tele, si kama sasa. Nguru mmoja mnabeba watu wawili.

Mpwani Ughaibuni: Sasa tumeelewana. Astronomia kweli iko Haverford, na wa Bryn Mawr wanaichukua, huku fizikia na hesabu nyingi ukazisoma kwenu. Tena fani hutangazi siku ya kwanza, unatangaza mwaka wa pili ukielekea kwisha. Lakini uhandisi wa Swarthmore kama fani, kwako haupo. Njia moja ya uhandisi kutoka Bryn Mawr ni ile ya kumaliza digrii yako kisha mwaka mmoja zaidi Penn, unapata shahada ya uzamili. Ina maombi yake na karo yake. Hilo ndilo la kuwaeleza ami zako, si Swarthmore.

Mhasibu wa Makupa: Na Bodi ya Wahandisi hapa Kenya haisajili digrii ya nyota. Ami zako wametia sahihi wakijua unarudi mhandisi. Mkopo ukikwama, sacco inakata akiba yao, si yako.

MwanaKisauni: Ami zangu wametia sahihi kwa sababu ya babangu, si kwa sababu ya fani. Na sacco inataka shilingi, haiulizi zimetoka kwenye nyota au kwenye daraja. Kenya ina shirika lake la anga za juu tangu 2017, na 2023 tumepeleka setilaiti yetu Taifa-1 juu. Kazi zitakuwepo.

Mpelelezi wa Kongowea: Ngojeni kwanza. Nimefungua nyuzi za zamani za huyu. Mwaka jana alikuwa anauza tuktuk: "Mmiliki mmoja, nauza kwa shida, mimi ni baba wa watoto watatu." Na Bryn Mawr ni chuo cha wanawake. Wadau, tunachezewa.

Kijana wa Kibokoni: Baba wa watatu amepata nafasi chuo cha akina dada. Huyo ndiye mwenye akili kuliko sisi sote.

Bi Rukia wa Bamburi: Astaghfirullah. Na mimi nimeshamuombea.

MwanaKisauni: Akaunti ni ya kakangu, mimi sina yangu. Tuktuk ilikuwa yake na watoto ni wake. Mkitaka msiamini.

Mpwani Ughaibuni: Tumpime. Dada, usiku wa taa, ule ambao wapya wa Bryn Mawr hukabidhiwa taa, yako itakuwa na rangi gani?

MwanaKisauni: Bado sijaambiwa. Nilivyosoma rangi ni nne, zinazunguka kila mwaka: nyekundu, kijani, samawati na buluu iliyoiva.

Mpelelezi wa Kongowea: Hayo hata Google inakuambia.

Mpwani Ughaibuni: Ni kweli, lakini mwenye tuktuk hatafuti hayo. Mimi namwamini. Dada, niandikie faraghani, nikuunganishe na mtu aliyepita pale. Na babako mwambie kabla hujapanda ndege, hata kama ni jioni ya mwisho.

MwanaKisauni: Mama anajua. Baba yuko zamu ya usiku bandarini wiki hii, nitaona.

Kijana wa Kibokoni: Ile tuktuk bado ipo? Bei ya mwisho?

MwanaKisauni: Iliuzwa. Ndiyo iliyolipia mitihani yangu na pasipoti.

Kijana wa Kibokoni: Nimeuliza bei.