Mbio za wanawake Dongo Kundu na masika hii, niende ama nisiende?

binti_kisauni
Jamani habari zenu. Kuna mbio za baiskeli za wanawake wiki ijayo hapa Mombasa, njia ni barabara ya Dongo Kundu, twaanzia Miritini twaenda mpaka Kibundani na kurudi. Nshajiandikisha na kulipa. Sasa shida ni hii mvua, haikatiki, na waandalizi wametuma meseji kwamba mbio ziko palepale mvua inyeshe isinyeshe. Mimi mazoezi yangu nafanya alfajiri Links Road na Nyali na mvua ikianza huwa najibanza kwenye petroli stesheni mpaka ipite, kwa hio kukimbiza baiskeli kwenye lami ya maji sijazoea kabisa. Baiskeli yangu ni ya mtumba ile ya barabarani, breki za kubana rimu, tairi nyembamba za upana wa milimita 25. Naogopa kuteremka, naogopa lile daraja la Mteza manake kusi ishaanza kuvuma, na naogopa zaidi kundi likibanana alafu mmoja ateleze mbele tuangukiane wote. Pia navaa hijabu na ikilowa yaniwa nzito shingoni. Mama ashaniambia niache. Wale mshawahi kushindana kwa mvua nambieni ukweli.

fundi_majengo
Dadangu mi nitaongea ya baiskeli tu hayo mengine wenyewe watakuja. Kwanza upepo wa tairi. Watu hujaza mpaka tairi iwe jiwe wakidhani ndio mbio, kwenye maji hio ndio inakuangusha. Kama kawaida yako ni 95 psi (kile kipimo cha pampu) shusha mpaka 80 hivi, ukiwa mwepesi hata chini ya hapo kidogo, tairi ikae vizuri ishike lami. Ikague pia uipitishe kidole pole pole utoe vijiwe na vigae vya chupa, mvua huvisomba vyote vikajaa pembeni na raba iliyolowa hukatika haraka, ndio maana siku za mvua pancha zinakuwa nyingi.

Breki za rimu zina tabia yake. Rimu ikilowa ukishika breki hakuna kitu mwanzo, pedi inafuta maji kwanza ndio ianze kushika, na ukiwa hujui hapo ndipo watu wanapaniki wanabana kwa nguvu, gurudumu linafunga, chini. Kwa hio kabla ya mahali unajua utapunguza mwendo gusa breki kidogo kidogo mapema rimu ifutike maji. Weka pedi mpya, osha rimu kwa sabuni itoke mafuta yote. Cheni itie mafuta mazito ya mvua yale ya baiskeli, sio oili chafu ya gari tafadhali, na mbio zikiisha osha baiskeli yote kwa maji baridi siku hio hio uikaushe, chumvi ya hapa kwetu ikichanganyika na maji ya mvua itakula nati zote mpaka usukani ukwame.

mpanda_mtwapa
Mwanangu nenda. Nasema hivo nikijua ninachosema, nimeshindana masika na nimeshindana jua kali na kama waniuliza jua la Februari linaangusha watu zaidi, ila hawaanguki kwa kishindo ndio hakuna anayehesabu.

Kitu kikubwa ujue ni kwamba mvua zote si sawa. Ile mbaya ni ya kwanza baada ya siku kavu, zile dakika za mwanzo, manake upande wa Miritini trela zinashinda hapo zinamwaga dizeli na oili na vumbi, maji yakigusa inakuwa utelezi mtupu. Ikiwa imenyesha usiku kucha lami ishaoshwa, ina maji lakini inashika. Kwa hio siku hio ukiamka ukasikia mvua imepiga tangu saa nane usiku usiwe na huzuni, hio ni nafuu kwako.

Breki shika ungali umenyooka, kabla ya kona. Ukishaingia ndani ya kona waachilia, mguu wa nje unaukanyaga chini kwa uzito wako wote, mabega unalegeza, macho unayatupa kule unakotoka sio kwenye dimbwi mbele yako. Rangi nyeupe za barabarani, vifuniko vya mitaro na zile chuma zinazounganisha vipande vya daraja uvipite umenyooka kabisa usigeuze usukani hata kidogo. Na dimbwi usilolijua usilipite, huwezi jua shimo liko wapi.

Kuhusu kuangukiana, dawa yake ni kukaa mbele. Watu wanaogopa wanarudi nyuma ya kundi wakidhani ndio salama na huko ndiko mikong'oto iliko. Lizzie Deignan yule Mwingereza, mwaka 2021, mara ya kwanza kabisa wanawake kuruhusiwa mbio za Paris-Roubaix kule Ufaransa, mbio ambazo wanaume walianza tangu 1896 fikiria, siku hio mvua na matope kwenye zile barabara za mawe, yeye akatoka peke yake zikiwa zimebaki kilomita 82 na mbio zote zilikuwa kama 116. Nyuma yake watu wanaanguka ovyo yeye hana wa kumwangukia. Akashinda. Sisemi nawe utoke peke yako kilomita hizo zote, nasema ukiwa miongoni mwa wale kumi wa mbele waona barabara mwenyewe. Na uvae glavu, yeye hakuvaa akamaliza mikono ina malengelenge usukani umejaa damu.

baba_wawili_changamwe
Mimi nina maoni tofauti na naomba nisitukanwe. Nina binti ambaye anapanda baiskeli na nampenda apande. Lakini hapo Dongo Kundu magari yanakwenda mbio sana, mvua ikiwa kubwa dereva wa lori haoni hata gari mwenzake seuze baiskeli. Swali langu kwa huyu dada, barabara itafungwa au mtapanda pamoja na magari? Ambulensi iko? Kama wanasema tu mbio ziko palepale bila kueleza hayo basi mama yako ana haki. Mashindano makubwa yenyewe Olimpiki ya Paris 2024, zile mbio za wanawake za kila mtu na saa yake, ilinyesha na wakaanguka wengi tu, na hao ni mabingwa wa dunia na barabara imefungwa.

mpanda_mtwapa
Baba wawili hakuna wa kukutukana, hayo maswali ni ya haki na dada ayaulize kwa maandishi leo leo. Barabara isipofungwa mimi pia nitamwambia asiende. Ila hio ya Paris uimalizie: Chloe Dygert wa Marekani aliteleza akaanguka, akainuka akapata shaba, na Grace Brown wa Australia aliyechukua dhahabu alimshinda wa pili kwa dakika moja na nusu kwenye mvua hio hio, alipanda kwa akili kwenye kona akakanyaga kwenye mnyooko.

Hata hao wakubwa wa UCI, chama cha baiskeli cha dunia, wana utaratibu wa hali mbaya ya hewa, waandalizi na wawakilishi wa timu na wa wapanda baiskeli wanakaa pamoja wanaamua, kuanza kuchelewa, kubadilisha njia, kusimamisha kwa muda au kufuta kabisa. Kwa hio kuuliza si woga. Radi ikipiga mko juu ya daraja itakuwaje? Nani anasimamisha? Waambieni hayo. Na ulizeni kitu kingine ambacho kinaniuma roho miaka yote: mvua ikizidi, mbio za wanawake zikatwe nusu na za wanaume ziendelee kama zilivo? Nimeliona hilo kwa macho yangu na sikubali. Kama ni hatari ni hatari kwa wote.

ummu_z
Habibti kwa hijabu usivae shifoni wala pamba. Tafuta ile ya kuogelea, haishiki maji, fupi, miisho yote uingize ndani ya jezi alafu helmeti juu, ukanda wa kidevu ujaribu upya manake kitambaa kinabadilisha kipimo. Masomah Ali Zada wa Afghanistan alishindana Olimpiki ya Tokyo na timu ya wakimbizi amejifunika kichwa chini ya helmeti, kwa hio yawezekana. Chini ya helmeti vaa kofia nyembamba yenye ukingo kidogo mbele ikukinge maji machoni, na miwani iwe myeupe sio ya jua.

Mapajani paka mafuta ya mgando mengi, kaptula iliyolowa inachuna vibaya sana. Ukiwa kwenye siku zako tumia kitu cha kuingiza ndani kama wakitumia, pedi ikilowa mvua ni adhabu. Na unywe maji! Hapa kwetu mvua haileti baridi kama ya Ulaya, wazidi kutoka jasho tu ila hulioni, watu wanamaliza chupa imejaa kichwa kinawagonga. Nguo kavu mpe mtu akungoje nazo mwisho.

binti_kisauni
Mashallah asanteni sana wote. Nimewaandikia waandalizi, wamejibu barabara itafungwa upande mmoja na ambulensi iko, la radi wamesema watakutana na sisi kabla ya kuanza. Leo nimetoka makusudi ikinyesha, upepo nimeshusha 80, kwa kweli baiskeli imetulia tofauti kabisa. Mama bado hajakubali ila ameuliza mwisho ni wapi aje na nguo. Bado daraja, upepo wa ubavuni nifanyeje?

mpanda_mtwapa
Mkienda mnaelekea kusini, kwa hio kusi mara nyingi itawapiga mbele upande wa kushoto. Usijifiche nyuma sawasawa ya mwenzako, kaa nyuma yake kidogo upande wa kulia ndio upate kivuli cha upepo, lakini gurudumu lako la mbele lisiingie ubavuni mwa lake la nyuma, akiyumba atakufyeka. Shika usukani chini, viwiko vilegee, gia nyepesi miguu izunguke haraka. Kabla daraja halijaanza uwe ushafika mbele, juu ya daraja hakuna nafasi ya kupita watu. Kurudi upepo utawasukuma, hapo ndipo mwendo unakuwa mkubwa bila kujua, gusa breki mapema kama fundi alivosema.

fundi_majengo
Ijumaa nilete hio baiskeli nikubadilishie pedi kabla watu hawajajaa, usingoje Jumamosi.