Mungu akiagiza jambo ambalo dhamiri inalikataa, mtu atii au asubiri?

Mwenda Pole
Wakuu, Bwana asifiwe kwa wanaoitikia, na habari kwa wengine wote.

Naenda moja kwa moja. Mtu ameomba muda mrefu, amefunga, na amepata agizo. Si ndoto ya usiku wa shibe. Ni agizo lililo wazi, na limerudi zaidi ya mara moja. Shida ni kwamba jambo lenyewe, ukilitazama kibinadamu, lina ukakasi. Dhamiri inagoma.

Swali langu kwa wanaoijua Biblia: dhamiri ikigombana na agizo la Mungu, ipi isikilizwe? Maana Samweli alimwambia Sauli kutii ni bora kuliko dhabihu, na Ibrahimu hakuitisha kikao cha ukoo kabla ya kupanda mlimani.

Naomba ushauri, matusi hapana. Usingizi umenipaa.

Kitasa
Agizo gani?

Mama Ushindi
Mwanangu, tii. Mimi niliambiwa niache kazi niliyoipenda nikamuuguze mama mkwe ambaye hakuwahi kunipenda. Ndugu zangu walinicheka, mume mwenyewe akaniambia nisijitie utakatifu. Nilikwenda nikinung'unika njia nzima. Yule mama alikufa mikononi mwangu akiniita binti yake. Ningesikiliza akili zangu ningekuwa wapi leo? Mungu hakosei, tunaokosea ni sisi tunaotaka kuelewa kwanza.

Punda wa Balaamu
Mimi Mungu aliniambia nimuoe binti mmoja wa kwaya, sauti ya pili. Bahati mbaya yeye hakuambiwa.

Kitasa
Mkuu, umepita kimya. Agizo gani?

Mwenda Pole
Ni suala la utoaji. Nimeagizwa nitoe sadaka kila kilichopo mkononi mwangu. Siwezi kuingia ndani zaidi kwa sababu ya faragha ya familia. Naomba tubaki kwenye kanuni: amri ya Mungu na utii.

Jicho Halilali
Nilijua tu! Kuna mchungaji hapo nyuma. Kwanza wanakupa "neno", halafu unaambiwa usipotoa laana inakuja, mwisho wa siku wewe unatembea kwa miguu yeye anabadilisha magari. Shemeji yangu aliuza kiwanja kwa mtindo huohuo, na aliyempa neno leo hapokei hata simu yake. Amka ndugu yangu. Hakuna Mungu anayeomba fedha kupitia kipaza sauti.

Mwenda Pole
Mchungaji wangu hajui lolote. Hakuna mtu aliyeniomba hata senti. Nilikuwa peke yangu. Hiyo ndiyo sababu naamini si ujanja wa binadamu.

Fikra Tulivu
Jicho, umejibu swali ulilokuja nalo mfukoni. Ameuliza jingine, na ni la zamani kuliko Ukristo wenyewe. Kwenye maandishi ya Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, mwalimu wake Socrates anamhoji mtu aitwaye Euthyphro: jambo takatifu linapendwa na miungu kwa kuwa ni takatifu, au ni takatifu kwa kuwa linapendwa? Wakristo wakalirithi. Ukisema jambo ni jema kwa sababu tu Mungu ameliamuru, basi akiamuru ukatili nao unakuwa wema, na kumwita Mungu mwema hakutuambii kitu tena. Ukisema anaamuru kwa sababu ni jema, unaonekana umeweka sheria juu ya kichwa chake. William wa Ockham, mwanatheolojia Mwingereza wa karne ya 14, aliegemea sana upande wa kwanza, na hakuogopa kufuata hoja hiyo mpaka pabaya. Wengi tunashika njia nyingine: wema ni tabia ya Mungu mwenyewe, kwa hiyo amri zake hutoka humo na haziwezi kumkana. Mwanafalsafa Mmarekani Robert Adams aliliweka vizuri: amri inayomfunga mtu ni ya Mungu *mwenye upendo*. Ondoa upendo, kinachobaki ni mwenye nguvu anayefoka.

Sasa Ibrahimu. Kila mtu anakimbilia Mwanzo 22, alipopanda mlimani kumtoa Isaka sadaka, hakuna anayesimama Mwanzo 18. Ni mtu yuleyule, na pale kwa ajili ya Sodoma alibishana na Mungu usoni: Mhukumu wa ulimwengu wote asitende haki? Hakukemewa. Kant, mwanafalsafa Mjerumani, mwaka 1798 aliandika kwamba Ibrahimu alipaswa kuijibu ile sauti: kwamba nisimuue mwanangu nina hakika, kwamba wewe unayenitokea ni Mungu sina. Kierkegaard, mwanafalsafa wa Denmark, mwaka 1843 akaliona tofauti, kwamba imani inaweza kumpeleka mtu mahali ambapo maadili ya kawaida hayawezi kumtetea mbele ya wenzake. Mimi Kierkegaard ananitisha, ila namheshimu kwa jambo moja: hakujifanya kwamba mahali hapo ni pazuri.

Punda wa Balaamu
Fikra Tulivu akiandika mimi nasoma kwa awamu.

Kitasa
Nashukuru kwa darasa. Mwenda Pole, Isaka alikuwa mwana wa Ibrahimu mwenyewe. Hicho "kilichopo mkononi mwako" ni chako?

Jicho Halilali
Swali hilo.

Kitasa
Naona jina lako linawaka kijani. Upo.

Mwenda Pole
Kipo mkononi mwangu kihalali. Marehemu kaka yangu aliniachia nisimamie mali ya wanawe mpaka wawe watu wazima. Sikusema mwanzoni kwa sababu nilijua mtakimbilia kunihukumu badala ya kujibu.

Kabla hamjarusha mawe: hao watoto hawatakufa njaa, Mungu ni baba wa yatima. Pili, nilishaweka nadhiri, na Mhubiri sura ya 5 anasema ukiweka nadhiri usikawie kuiondoa. Tatu, Tomaso wa Akwino, yule mwanatheolojia wa karne ya 13, ameeleza wazi: Waisraeli walipotoka Misri na vitu vya Wamisri hawakuiba, kwa sababu mwenye vyote ndiye aliyeagiza. Mwenye mali akibadilisha mgawo, hakuna aliyeibiwa. Kwa hiyo siombi ruhusa, nauliza tu jinsi ya kuituliza dhamiri.

Mama Ushindi
Ngoja. Nilikuambia utii nikijua ni jasho lako. Mimi nilitoa kazi yangu, sikutoa kazi ya jirani. Mali ya yatima? Usiniweke kwenye kundi hilo, mwanangu.

Jicho Halilali
Mchungaji nimemwomba radhi kimoyomoyo. Mwizi tunaye humu humu.

Shemasi Mstaafu
Tupunguze ukali. Ndugu, soma Marko 7. Kulikuwa na watu walioweka mali wakfu kwa Mungu, wakaiita Korbani, halafu wazazi wao wakikosa msaada wanajibiwa samahani, hii ni ya Bwana. Yesu hakusifia utoaji wao. Aliwaambia wanalitangua neno la Mungu. Yaani alikuta amri mbili zinadaiwa kutoka mbinguni, akasimama na ile inayomlinda mtu asiye na nguvu. Na nadhiri unayoitaja, Yeftha naye alikuwa nayo, Waamuzi 11. Aliyelipa ni binti yake. Nadhiri huwezi kuiweka kwa shingo ya mwingine.

Mwenda Pole
Korbani ilikuwa mapokeo ya wanadamu. Mimi nimesikia.

Shemasi Mstaafu
Hata waliokuwa wakichoma watoto wao kule Tofethi hawakwenda kwa mzaha. Yeremia 7 Mungu anasema hakuwaagiza, wala jambo hilo halikuingia moyoni mwake. Na Yohana anatuambia tusiiamini kila roho, tuzijaribu. Kusikia ni mwanzo wa kazi, mzee.

Msomaji Kimya
Naingia mara moja tu. Wakuu, hii ni chai, hadithi ya kutunga. Mtu aliyekosa usingizi haandiki "tubaki kwenye kanuni". Mtu mwenye mali ya yatima mkononi hamtoi Tomaso wa Akwino na ndama za Wamisri kama anasoma kwenye daftari. Huyu ni mwanafunzi wa chuo cha theolojia, ana insha ya maadili ya kukabidhi Jumatatu, na sisi tunamwandikia bure.

Punda wa Balaamu
Kama ni chai basi Fikra Tulivu ameshamaliza kuandika utangulizi na sura ya kwanza.

Mwalimu wa Jioni
Msomaji Kimya hajakosea sana. Nimefundisha somo hili. Mlezi, yatima, agizo, nadhiri: ni mfano wa darasani kabisa, kila kipande kimekaa mahali pake. Maisha huwa na vipande visivyoingia. Kosa lake moja tu, Kutoka 12 inataja vyombo vya fedha na dhahabu na mavazi, ndama ni za Msomaji Kimya.

Jicho Halilali
Mwalimu na wewe tukuangalie vizuri. Isije ikawa uzi ni wako unakusanya majibu.

Fikra Tulivu
Hata kama ni insha, hoja ya Tomaso imetumika vibaya. Alikuwa akieleza matendo ambayo tayari yameandikwa kuwa agizo la Mungu. Hakumpa kila mwenye kusikia sauti ufunguo wa kabati la jirani. Kwa Tomaso, mali ya watu unaiacha mpaka…

Kitasa
Fikra, subiri kidogo. Chai au si chai, nina swali moja. Mwenda Pole, umeshatoa?

Mwenda Pole
Mimi si mwanafunzi. Hayo ya Tomaso niliyasoma baada ya agizo, nilikuwa natafuta.

Kitasa
Ulikuwa unatafuta wakili. Umeshatoa?

Mwenda Pole
Sehemu. Si kubwa.

Mama Ushindi
Eeh Mungu wangu. Na mama wa hao watoto yuko wapi?

Mwenda Pole
Yupo. Bado sijamshirikisha.

Punda wa Balaamu
Yaani agizo limepita mlangoni kwa mama mzazi bila hata hodi, likaja kwako kwa sababu wewe ndiye mwenye saini. Mimi nimeacha utani.

Mwenda Pole
Nikimwambia atakataa.

Shemasi Mstaafu
Basi ulikuwa unajua jibu kabla ya kufungua uzi. Nenda kwa mchungaji wako, mweleze fedha ilikuwa ya nani, uombe irudi. Kanisa lenye hofu ya Mungu litairudisha. Likigoma, fidia kwa cha kwako, hiyo ndiyo sadaka unayoweza kuitoa. Halafu umwombe mtu mwingine asimamie nawe, kila hatua iwe na saini mbili.

Mwenda Pole
Na kama kweli ilikuwa ni Mungu?

Fikra Tulivu
Basi hatashindwa kulirudia mbele ya mama yao.

Mwenda Pole
Naomba wasimamizi wafunge uzi. Nimeelewa maoni yenu.

Mama Ushindi
Usifungwe. Kwanza atuambie amemwambia lini mama wa watoto. Mimi nipo.