Tulilipia kuimarishwa kwa udongo, kampuni ikamwaga kifusi na zege tu

Ndugu zangu wa Bukavu, hasa ninyi mnaotaka kujenga mabondeni, naomba msome jambo hili kabla ya kutia sahihi mkataba wowote. Kampuni moja ya ujenzi, ambayo sitaitaja kwa kuwa shauri letu nayo halijaisha, ilimtoza mama yetu mzazi fedha za kuimarisha udongo wa kiwanja chake kilicho karibu na mto Kawa, na katika hati ya malipo kazi hiyo ina mstari wake na bei yake. Leo ukuta wa upande wa bondeni umepasuka mshazari kutoka pembe ya dirisha hadi chini, mlango wa jikoni haufungi, na wahusika wanamwambia mama mzee kwamba nyumba bado inajiweka sawa. Huo ni uongo. Nyumba inazama upande mmoja.

Juu ya tope jeusi lenye mizizi iliyooza walimwaga malori kwa malori ya udongo mwekundu uliochimbwa mlimani, wote kwa mkupuo mmoja, kisha vijana wakapigapiga sehemu ya juu kwa magogo. Baada ya hapo walijenga msingi mnene wenye nondo nyingi, wakasema huo ndio uimarishaji. Sikatai kwamba msingi mpana husaidia kugawa uzito wa nyumba, lakini hauubadilishi udongo ulio chini yake hata kidogo, na sisi tulilipia udongo ubadilishwe.

Kazi yenyewe inavyotakiwa kufanywa, tope lenye mabaki ya mimea huondolewa lote hadi kufikia udongo mgumu, kwa sababu mimea inaendelea kuoza na kunywea hata ukiichanganya na simenti. Kifusi kinachochukua nafasi yake hutandazwa kwa tabaka za sentimita 20 hadi 30, na kila tabaka hushindiliwa kabla ya linalofuata kuwekwa. Unyevu nao hupimwa: udongo mkavu mno haushikani, na uliolowa mno hugeuka uji chini ya mashine. Mhandisi Mmarekani Proctor alieleza kipimo cha jambo hilo mwaka 1933, na hadi leo mikataba mingi hudai angalau asilimia 95 ya msongamano wa juu kabisa ambao udongo huo hufikia kwenye maabara. Tulipoomba karatasi ya vipimo hivyo, tulionyeshwa picha za malori!

Udongo wetu wa mfinyanzi hapa Bukavu, uliotokana na miamba ya volkano iliyooza, ungeweza pia kuchanganywa na chokaa, mara nyingi asilimia 3 hadi 8 ya uzito wa udongo mkavu. Chokaa hupunguza ule ulaini wa kunata na kuendelea kuukaza udongo kwa miezi, ilhali simenti hufaa zaidi kwenye udongo wa mchanga na changarawe. Mfuko wa chokaa sikuuona pale kiwanjani.

Kinachonikasirisha kuliko yote ni haraka yao. Tangu mhandisi wa udongo Terzaghi alipochapisha nadharia yake mwaka 1925, wahandisi wanajua kwamba mfinyanzi uliojaa maji hushuka polepole, kadiri maji yanavyokamuliwa nje, na ndiyo maana watu waangalifu hurundika udongo juu ya kiwanja, husubiri kwa miezi na kupima mshuko, ndipo hujenga. Hawa walitaka kulipwa kabla ya mvua, basi. Wanafanya hivyo katika mji uliotikiswa na tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, mji ambao wakazi wake wanajua jinsi mlima wa Funu unavyoendelea kuteleza. Huko Funu sitamshauri mtu yeyote alipie kushindilia udongo, maana mteremko wote unapotembea, kuimarisha mita mbili za juu ni kutupa fedha.

Tunadai mambo matatu: kampuni ichimbe shimo kwenye pembe iliyozama, mbele yetu na mbele ya mhandisi tutakayemchagua wenyewe, irudishe fedha zote za ule mstari wa kuimarisha udongo, na igharimie mifereji ya kuondoa maji nyuma ya nyumba kabla mvua za Septemba hazijaanza. Yeyote aliyetendewa hivi na aliyehifadhi hati zake za malipo, aandike hapa chini ili tupeleke malalamiko kwa pamoja.