Tupeane uzoefu: nani ana mzee aliyekwenda Keya (KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), vita vyake vikawa vifupi?

Mjukuu wa Kayafungo
Hamjambo wana Mombasa. Mashujaa wa Burma tumeshawasikia sana. Leo nawataka wale walioandikwa juzi, jana hawapo, au waliorudi kabla hawajafyatua risasi.

Naanza. Kaka yake hawe (nyanya) yangu alikuwa mgema. 1943 mvua ilikosa, mahindi yakaadimika, na jeshini mtu alikuwa na uhakika wa posho na mshahara. Alikwenda kujiandikisha mwenyewe, chifu hakumsukuma. Wakamtia kwenye mizinga. Barua yake moja ilifika, kaandikiwa na mwenzake kwa kuwa hakujua kusoma: ng'ombe wa mahari wasiguswe, mchumba asiozwe mwingine.

Mwanzoni mwa Februari 1944 Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki ilipakiwa kwenye meli ya Khedive Ismail hapa Kilindini, kwenda Colombo. Mlikuwa pia na mabaharia na manesi, jumla watu zaidi ya 1,500. Tarehe 12, upande wa Maldivi, nyambizi ya Wajapani, I-27, ikaipiga. Meli ilizama kwa dakika chache tu. Kinachonikera ni kilichofuata. Manowari za Kiingereza, Petard na Paladin, ziliiandama nyambizi kwa mabomu ya majini, na walionusurika bado wanaelea palepale. Naelewa, ingeachwa ingezamisha meli nyingine. Lakini anayeelea akiwa ni wako, hesabu hiyo haikuingii kichwani. Walikufa 1,297, wakaokoka 214.

Nyumbani walimngoja hadi vita vikaisha. Mwili hakuna, wazee wakamchongea koma, kijiti cha kumkumbuka marehemu. Kigango, ile nguzo kubwa ya kuchongwa, hakikumfaa, hakuwa mtu wa gohu, chama cha wazee wenye hadhi. Mchumba akaolewa Rabai. Ng'ombe walirudishwa wote, na hilo hawe alilikumbuka kuliko tarehe yoyote.

Haya, leteni zenu.

Bint Likoni
Poleni. Babu yangu wa Msambweni alikwenda Madagaska 1942, vikosi vyetu viliposhukia Majunga mwezi wa Septemba. Malaria ikamlaza, vita hakuviona. Alirudi na koti zito la jeshi. Sasa koti lile na joto la Msambweni! Alilivaa kila harusi, jasho likimtiririka, na hakuna aliyethubutu kumwambia alivue.

Mtaita wa Magongo
Nyinyi wenu walijitolea. Baba yake babu alikamatwa shambani wakati wa vita vya kwanza, Wajerumani walipokuwa wameshika Taveta, akabebeshwa mizigo. Wachukuzi wengi waliuliwa na kuhara na njaa kuliko risasi. Huyo wangu hakurudi. Piteni pale kwenye sanamu za askari, Jomo Kenyatta Avenue: maandishi yanaahidi kwamba ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Jina la askari hata mmoja halikuandikwa.

Mjukuu wa Kayafungo
Hapo una haki kabisa. Ila wa kwangu alikwenda kwa miguu yake, siwezi kumnyang'anya hilo.

Kwa wanaotafuta majina: Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha mtandaoni. Askari wetu wa Khedive Ismail wamo kwenye ukumbusho ulio ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, Ngong Road. Tabu ni herufi, maana karani aliandika jina la Kigiriama kama sikio lake lilivyomwambia. Anzeni na tarehe ya kufa, jina lifuate.

Bint Likoni
Na aliyerudi hai? Babu kafia kitandani kwake, mzee kabisa. Orodha ya waliokufa vitani itamjulia wapi?

Mjukuu wa Kayafungo
Huyo tafuta cheti chake cha kuachishwa jeshi. Nyanya hakuacha sanduku?

Bint Likoni
Liko kwa shangazi Ukunda, naye hatusemezani tangu mambo ya shamba. Itabidi nikamwamkie.