Ndoo za getini viwanjani Kampala ni mapambo tu!

Wanajukwaa, hizo ndoo na vipimajoto mnavyopitishwa kabla ya mechi ni kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Ebola ya virusi vya Sudan ilitangazwa hapa hapa Kampala tarehe 30 Januari 2025, ikatangazwa kwisha 26 Aprili, na bado klorini inachanganywa kwa kukisia!

Klorini ya mikono ni asilimia 0.05. Unga wa klorini wa asilimia 70 unapimwa gramu 14 kwa jerikani ya lita 20. Kama ni Jik, klorini ya maji ya kung'arishia nguo, soma chupa kwanza: ikiandikwa asilimia 3.5, tia mililita 285 kwenye jerikani hiyo hiyo. Ya kufutia viti na vyoo ni kali mara kumi, asilimia 0.5, na haiguswi bila glavu. Sasa mtu anamimina kifuniko kimoja kwenye pipa zima, harufu ikisikika anaona kazi imekwisha. Pipa lenyewe limekaa juani tangu jana. Jua linaua klorini, na uchafu unaimaliza. Inachanganywa upya kila siku, inafunikwa, inatoka kwa bomba. Ndoo inayotumbukizwa mikono ya kila mtu si dawa, ni supu.

Haya, tupige hesabu. Kunawa sawasawa kwa sabuni ni sekunde 40 mpaka 60. Watu 5,000 kwa mabomba 10, hata kwa sekunde 40, ni masaa matano na nusu. Mkifungua geti masaa mawili kabla ya mechi mnahitaji mabomba 28, na hata mkibana nusu lita kwa mtu ni jerikani 125. Nani ameona mabomba hata 20? Matokeo yake foleni inabanana, watu wanasuguana ngozi kwa ngozi, na mpox, ugonjwa wa vipele unaoambukizwa kwa kugusana, haiombi zaidi ya hapo.

Kipimajoto cha bunduki kinalengwa kwenye paji la uso, jasho limefutwa, kivulini, kwa umbali ulioandikwa kwenye kifaa (vingi ni sentimita 3 mpaka 5). Walinzi wa getini wanalenga kifundo cha mkono, inasoma 33, "pita!" Mwili ungekuwa kweli na nyuzi 33, huyo ni wa kukimbizwa hospitali, si jukwaani. Aliyetoka juani akisoma 38, apumzike kivulini dakika 15, apimwe tena.

Ikibaki 38 je? Hapa ndipo damu inachemka. Mlinzi anasema "rudi nyumbani", mgonjwa anapanda taksi ya watu 14. Ikithibitika ni Ebola, kila aliyegusana naye anafuatiliwa siku 21. Abiria wale mtawatoa wapi? Panatakiwa hema pembeni lenye hewa, choo chake, mhudumu mwenye glavu na barakoa, na namba ya bure ya Wizara ya Afya, 0800 100 066, ibandikwe pale anapoiona mlinzi.

Wachezaji nao, chupa moja ya maji benchi nzima, taulo moja. Aibu.

Wasimamizi mnaosoma humu: kabla hamjauza tiketi ya mechi ijayo, wekeni hapa picha ya mabomba 28.